Viti vya Walio Ng'ambo

Walisema sitaweza. Mzee wa kanisa alisema kwa upole, kwamba shughuli ya namna ile ni ya watu wenye nyumba za bati. Mama mpika mbege, ambaye pombe yake ilisifiwa upande wote wa Machame, alisema huku akicheka kwamba nimekaa Uganda mpaka nimesahau mlima wetu una midomo mingapi. Mjomba wangu hakutumia upole wala kicheko. Alisimama mlangoni pake, mkono kiunoni, akapaza sauti ili hata majirani walio ng'ambo ya mfereji wasikie.

"Karamu ya askari? Wewe? Huna hata kuku wa kutaga, unataka kulisha watu!"

Nilimjibu kwamba kuku sina lakini diploma ninayo.

"Basi ichemshe," akasema, "utuletee mchuzi wake."

Neno hilo lilitembea mlimani kabla sijafika nyumbani. Kwa wiki nzima kila niliyekutana naye njiani aliniuliza kama mchuzi umeiva. Naliandika hapa bila uchungu, kwa sababu wote waliocheka walikuja kula, na wengi waliomba waongezewe.

Ni vizuri nieleze nilikuwa nani wakati huo. Baba alifariki nikiwa bado natambaa. Tulibaki mimi na mama kwenye kihamba chetu, migomba michache na kahawa kidogo, na zizi ambalo halikuwa na ng'ombe. Nilisoma shule ya misheni kwa kukata majani ya ng'ombe wa watu wengine. Kutoka hapo nilipita mitihani yote niliyowekewa mbele, nikapelekwa chuo kule Uganda, nikarudi na diploma ya uganga wa mifugo. Katika ukoo wetu sikuwa na mtangulizi. Kati ya mito miwili inayopakana nasi sikuwa na mtangulizi. Diploma niliitia kwenye fremu nikaitundika ukutani, na msumari niliugongomelea mimi mwenyewe, kwa kuwa sikuona mtu mwingine aliyestahili kuugongomelea.

Nilirudi katikati ya vita. Vijana niliocheza nao walikuwa wamekwisha kwenda. Walianzia Uhabeshi, kisha wakapakiwa melini, wengine wakashushwa kisiwa cha Seilani, wengine wakapelekwa mpaka Burma kwenye misitu ya mvua na ruba. Huku nyumbani sukari ilikuwa adimu na kitambaa cha kaniki kilikuwa cha kutafutwa kama dawa. Sokoni akina mama waliweka ndizi zao chini, na kabla ya kuulizana bei waliulizana, "Umesikia lolote?" Kazi yangu ya bwana mifugo ilinipeleka kila zizi, na katika kila zizi, nikiwa nimeinamia kwato za ng'ombe, mama mwenye nyumba aliniuliza swali hilo hilo, kana kwamba mtu aliyefika Uganda lazima amepitia Burma.

Siku moja nilikuwa mjini Moshi kuchukua dawa. Nikapita karibu na nyumba ambamo Wazungu walikuwa wamewaandalia askari wao chai, keki na muziki. Askari wenyewe hawakuwepo isipokuwa wawili watatu wa likizo. Karamu ilikuwa kwa heshima ya walio mbali. Nikajiuliza papo hapo barabarani, na wetu je? Nani amewanywea hata kata moja ya mbege?

Nikaenda kwa Bwana Shauri, yaani ofisa wa serikali wa wilaya. Alinisikiliza, akakubali, akaahidi kuleta mpiga picha ili picha ipelekwe kwa vijana huko waliko. Kisha akaniongezea shauri. Alisema kwao, wanapomheshimu mtu asiyekuwepo, humwekea kiti kitupu. Niliipenda fikra hiyo mara moja. Ilikuwa fikra nzuri, na mpaka leo nasema ni nzuri, ila haikuwa imezaliwa mlimani.

Nilikuwa na fikra, nilikuwa na ruhusa, na sikuwa na kitu kingine chochote. Ikabidi niazime. Mtu mwingine angeona haya. Mimi nilivaa koti langu la chuo nikapita nyumba kwa nyumba.

Mzee wa kanisa alikuwa na viti na mabenchi. Aliyaangalia kwa huruma kama watoto wanaopelekwa safarini.

"Utanirudishia lini?"

"Haya ya kukalia wageni, kesho yake. Yatakayovunjika nitayalipa vijana wakirudi."

"Na wasiporudi?"

Nilifunga kifungo cha koti. Alinitazama kidogo, akatoa ufunguo.

Mama mpika mbege alikubali kunipikia mitungi yote aliyokuwa nayo, ulezi wake na ndizi zake, kwa ahadi hiyo hiyo. "Lakini ukinitia aibu," alisema, "hata maji ya kunywa utayatafuta mbali." Alisema akicheka, lakini nilijua kwamba ni kweli. Nilikuwa naanza maisha. Nilihitaji ndama wa kuanzia, mbegu, watu wa kunisaidia kujenga. Karamu hii ikiharibika, hakuna mlango mlimani ambao ungenifungukia tena nikija kuazima hata shoka, na mwana wa mjane asiyeazimwa kitu atabaki anakata majani ya wengine, awe na diploma awe hana.

Wa mwisho alikuwa mjomba, kwa sababu ni yeye aliyekuwa na fahali. Nilifika na kumwamkia.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Fahali hapatikani."

"Sijasema neno."

"Umevaa koti."

Tulikaa tukimtazama fahali akitafuna. Alikuwa mweusi mwenye baka jeupe tumboni, na niliwahi kumponya kwato. Nilimkumbusha hilo. Nilimkumbusha pia kwamba mtu akimkopesha mpwawe fahali mbele ya mlima wote, mlima utasema mjomba ni mtu mkubwa.

Akakuna kidevu. "Nitakukopesha," akasema, "ili nione unavyoanguka. Nataka niwe karibu. Na utanilipa fahali kwa fahali."

Hivyo ndivyo nilivyoipata karamu. Mchinjaji nilimwita kutoka mjini, Mwislamu, ili kila atakayekuja aweze kula, maana vijana wetu waliokwenda vitani hawakuwa wa dini moja. Mama mmoja wa Rau, kule Moshi mjini, mjane aliyeuza vitumbua karibu na stesheni, alikuwa na mwanawe dereva wa jeshi huko Seilani. Nilimpelekea mwaliko mimi mwenyewe, na nikamtafutia nafasi kwenye lori la kahawa linalopanda mlimani likiwa tupu.

Asubuhi ya siku yenyewe nilipanga uwanja kwa mkono wangu. Mbele niliweka viti vya walio ng'ambo, safu moja, kimoja kwa kila kijana. Mbele ya kila kiti nilitandika jani la mgomba, na juu yake nikaweka fungu la nyama nzuri, kidari na mbavu, zile sehemu ambazo kwetu hupewa wanaume wenye heshima. Pembeni ya nyama niliweka kata ya mbege. Nikaona bado panahitaji pambo. Nikakata masale, yale majani marefu ya kijani tunayopanda kwenye mipaka, majani ya amani, nikafunga moja kwenye kila kiti. Nilirudi nyuma nikatazama. Hata mjini hawakuwa wamepanga vizuri namna hiyo.

Watu walianza kuingia. Vijana wa tarumbeta wa kanisani walikuwa wakipasha midomo moto chini ya mti wa mfuruanje. Bwana Shauri alifika na mpiga picha, Mhindi mmoja mnene aliyebeba kamera yake yenye miguu mitatu kama anayebeba mgonjwa. Kisha wakaingia akina mama wa askari, pamoja, wamevaa nguo zao za Jumapili. Wakasimama.

Aliyekuwa mbele yao alikuwa mama mmoja jirani yetu, mrefu, mwenye mwana mmoja tu, na mwana huyo alikuwa Burma. Alitazama viti. Alitazama nyama isiyo na mlaji, pombe isiyo na mnywaji, na sale limefungwa. Akashika kichwa.

"Mwanangu amekufa," akasema, "na mmeniita kwa tarumbeta kuniambia!"

Akapiga yowe.

Mtu wa huku hahitaji kuelezwa, lakini wengine nitawaeleza. Masale ni majani ya amani, kweli, na ni majani yanayoota makaburini kwa wazee wetu pia. Nyama na mbege huwekwa chini bila mtu wa kuvipokea kwa ajili ya wafu peke yao. Aliye hai hupewa mkononi. Safu nzima ya viti vyangu, kwa macho ya mama wale, ilikuwa safu ya makaburi. Yowe la kwanza lilizaa la pili, na mara akina mama wote walikuwa wakilia, na mmoja alikuwa amekwisha kuvua kilemba. Bwana Shauri aliniuliza kwa Kiingereza kama hii ndiyo desturi ya kufungua karamu.

Wadai wangu waliniwahi kabla sijamjibu. Mama mpika mbege alikuwa amekumbatia mtungi wake. Mzee wa kanisa alianza kukunja mabenchi yaliyokuwa hayakunjiki. Mjomba alikuja mbio akizungusha fimbo.

"Nilisema! Nilisema! Nirudishie fahali wangu sasa hivi!"

"Mjomba, yuko sufuriani."

"Basi mtoe!"

Hapo ndipo yanapojulikana mambo ya mtu. Wengine wangekimbilia migombani. Mimi nilikwenda kwenye kile kiti cha mwana wa yule mama mrefu, nikafungua lile sale, nikalishika kwa mikono miwili, nikamwendea nikainama. Kwetu mtu akikuletea sale kuomba radhi, humkatai. Hata aliyeuliwa ndugu husimama akasikiliza. Yowe likapungua, maana kila mtu alitaka kuona kama atalipokea.

"Mama," nikasema, "hakuna habari mbaya. Hakuna habari yoyote. Nimewapangia vijana chakula kwa sababu nataka nao wale."

Alinitazama macho yakiwa mekundu. Akalipokea sale.

"Nimepokea," akasema. "Lakini kile kiti? Nani anakula pale?"

Wote wakageuka kutazama kiti. Nikaelewa kwamba nisipokijaza kiti kile mara moja, hata masale ya mlima mzima hayatanisaidia.

"Wewe," nikasema. "Ulimlisha kabla hajawa na meno. Mlishe na leo. Kaa pale, ule sehemu yake, kabla haijapoa."

Nikamshika mkono nikamkalisha. Nikaiinua ile kata ya mbege kutoka chini, nikanywa funda moja kama impasavyo mwenyeji, nikampa mkononi. Akaishika. Hakunywa bado.

Mjomba hakuweza kunyamaza. "Mwanamke akae mbele ya wazee, ale kidari? Umeleta Uganda hapa?"

"Kidari ni cha askari, Mjomba. Kama unakitaka, panda meli ukamnyang'anye."

Mzee mmoja nyuma akaangua kicheko, kisha mwingine. Yule mama mrefu naye akatikisika mabega, na kwa kitambo sikujua kama analia au anacheka. Akanywa. Akachukua mfupa wa kidari, akaung'ata kwa meno ya pembeni, akatafuna polepole bila kumwangalia mtu.

"Ni laini," akasema. Kisha akauambia mfupa, au aliyekuwa mbali kupita mfupa: "Nimekula chako, na wewe unisikie. Cha pili uje ule mwenyewe."

Akina mama wengine hawakungoja kushikwa mkono. Walikwenda kila mmoja kwenye kiti chake, na masale wakayafungua wenyewe wakayashika. Kiti kimoja cha kijana asiye na mama kilikaliwa na dada yake mdogo, kingine na mkewe aliyekuwa na mtoto mgongoni. Mama mpika mbege aliutua mtungi akaanza kujaza kata kwa haraka, akiwagombeza waliochelewa kuzipokea, kana kwamba kukumbatia mtungi ilikuwa sehemu ya upishi.

Kiti kimoja tu kilibaki kina matata. Mama wa Rau alikuwa amekaa wima katika baibui lake, anainusa kata iliyokuwa mbele yake.

"Baba, hii ni nini?"

"Ni mbege, mama."

"Mwanangu ameanza pombe huko Seilani?"

"Hapana, mama. Ni kosa la aliyepanga."

"Nani alipanga?"

"Mimi."

"Ndiyo maana," akasema. Akampa mjomba ile kata, na mjomba, aliyekuwa amesimama karibu akiwa bado na fimbo, aliipokea kabla hajakumbuka kwamba amekasirika. Nilimletea yule mama chai ya maziwa yenye sukari yote niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya Bwana Shauri. Alionja, akafungua kikapu alichopanda nacho, na ndani yake kulikuwa na vitumbua. "Mwanangu hali nyama bila kitu kitamu baadaye," akasema, akaviweka kwenye jani na kuanza kuwagawia jirani zake wa kulia na kushoto. Kisha akapiga kigelegele kirefu kilichowapita akina mama wa Kilutheri wote waliokuwepo, nao wakaona hawawezi kushindwa na mtu mmoja kutoka mjini.

Basi ikawa karamu. Tarumbeta zilipiga nyimbo za kanisa kwa mwendo wa kijeshi, maana nyimbo nyingine hawakuzijua. Watu walikula mpaka mifupa ikang'aa. Mpiga picha aliwapanga akina mama hapo hapo vitini, mifupa mkononi, akawaambia watulie, wakashindwa, akapiga hivyo hivyo. Bwana Shauri aliniambia kwamba hajawahi kuona viti vitupu vimejaa vizuri kiasi kile. Nilimwambia kwamba ndivyo nilivyokusudia. Mjomba alinisikia. Alikuwa kwenye kata ya tatu na hakunikanusha.

Picha ilipelekwa. Tulingoja muda mrefu bila kujua kama imefika, kisha vita vikaisha na vijana wakaanza kurudi, kwa treni mpaka Moshi, kwa miguu kutoka Moshi. Si wote waliorudi, na kwenye nyumba za wasiorudi nilikwenda kukaa na wenyewe bila koti. Mwana wa yule mama mrefu alirudi akichechemea. Alinikuta nikimdunga ng'ombe sindano, akanisimulia kwamba picha ile iliwafikia kwenye kambi ya mahema, mvua ikinyesha. Waliipitisha mkono kwa mkono wakabishana usiku kucha ni mama wa nani aliyekuwa amebugia nyama nyingi zaidi. "Wangu alishinda," akaniambia. "Mashavu yalionekana." Mtu wa Rau, yule dereva, aliyekuwa amehamishiwa huko kutoka Seilani, alidai vitumbua vilionekana pia, lakini wenzake walisema huyo alikuwa na njaa.

Mimi katika miaka hiyo sikulala. Nilipewa na mtu ndama jike wa kulea, kwa desturi yetu kwamba mlezi hupata mzao wake, na ndama huyo alizaa, na mzao wake nikamtunza kwa kila kitu nilichofundishwa. Zizi la mama likapata harufu ya zizi. Sikutaka kulipa kidogo kidogo kama mtu anayeona aibu. Nilingoja mpaka vyote viwe tayari, nikachagua siku moja ya kiangazi, njia zikiwa kavu, nikawaita vijana waliorudi wanisindikize. Walikuja na makoti yao ya jeshi.

Tulianza kwa mzee wa kanisa. Mabenchi mawili na kiti kimoja vilikuwa vimevunjika siku ile kwa kuchezewa ngoma. Nilimletea vipya vya mbao za mfuruanje, nimevichonga mwenyewe. Alikaa juu ya kila kimoja, akajitikisa, akasema kiti ni kigumu kuliko cha zamani. Nilimwambia kwamba cha zamani ndiyo maana kilivunjika. Kutoka hapo tulikwenda kwa mama mpika mbege. Nilimtua mikungu ya ndizi na magunia ya ulezi, zaidi ya aliyonipa. Alitia mkono kwenye gunia, akanusa ulezi, akawatazama wale vijana mmoja mmoja. Hakusema kitu cha kuchekesha. "Wamekonda," akasema, akaingia ndani kuwatafutia chakula.

Kwa mjomba tulifika jua likiwa limeinama. Nilikuwa namswaga fahali wangu mbele, mweusi mtupu, shingo nene. Mjomba alitoka, akamzunguka. Akamfungua mdomo kutazama meno. Akainua kwato moja moja, zote nne.

"Huyu ni mkubwa kuliko wangu."

"Ni kweli, Mjomba."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimemlea mimi."

Vijana wakacheka. Mjomba akamwingiza fahali zizini, akafunga kizuizi, akasukuma mara mbili kuona kama kimekaa. Kisha akageuka, akawaambia wale askari kwa sauti ile ile ya kusikika ng'ambo ya mfereji:

"Huyu ni mpwa wangu. Amelipa."

Nilishuka nyumbani peke yangu, mikono mitupu, bila deni kwa mtu yeyote mlimani. Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya ndizi.

"Umemaliza?" akaniuliza.

"Nimewalipa wote, Mama."

"Vizuri," akasema. "Sasa kakate majani, ng'ombe wako hawajala."